Kigugumizi cha Wanaume wa Kwetu

Jumamosi, 5 Juni 1971

Nyumbani! Likizo imeanza. Lori lilitushusha bondeni, na kutoka hapo ni miguu mpaka Chome – sanduku la bati begani, ukungu usoni. Baridi ni ile ile. Mama alikuwa ameshainjika makande. Nimekula sahani mbili, ya tatu nikaona haya.

Pacha wangu Dorkas ameongea njia nzima. Kipare na akina mama waliokuwa wakishuka gulioni, Kiswahili na dereva, Kiingereza na mimi, ili kunichokoza tu. Maneno yanamtoka kama maji ya mfereji. Mimi nilitoa shikamoo kwa kila mkubwa, basi. Shikamoo ni neno zuri. Ukiivuta ile "shiii" mwanzoni kama unapuliza moto, inateleza yenyewe. Jina langu ndilo gumu. Eliakunda! Mtu akiniuliza naitwa nani, najifanya nakohoa.

Baba alinishika bega, akalitikisa. Hiyo ndiyo hotuba yake ya kunikaribisha. Na yeye anacho, kigugumizi. Baba mdogo anacho. Marehemu babu alikuwa nacho mpaka watu wakamwita Mzee Ngoja. Wanawake wa kwetu hawana, hata mmoja. Bibi alikuwa akisema mimi na Dorkas tuligawana maneno tukiwa tumboni, na Dorkas akabeba fungu kubwa kwa kuwa alitangulia kutoka.

Naandika shajara kwa sababu moja tu: mkono wangu haukwami.

Jumapili, 6 Juni

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Rubeni, alisimama nje ya kanisa baada ya ibada. Wilaya yetu ya Pare imo katika zile zilizochaguliwa: ifikapo Desemba, Uhuru ukitimiza miaka kumi, kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika. Wanafunzi walio likizo watafundisha kisomo. Watu wote wakamgeukia Dorkas. Lakini Dorkas ameshaombwa zahanati, kuandika kadi za wagonjwa.

"Basi kaka yake," akasema Balozi.

Mimi! Mbele ya watu!

Nilitaka kusema siwezi. "Si-si-si –"

"Sisi! Safi kabisa!" akadakia. "Sisi vijana ndio wajenzi wa taifa!"

Wakapiga makofi. Dorkas alicheka mpaka akakalia jiwe. Kumbe hata kukataa kunataka ulimi.

Jumatatu, 7 Juni

Nataka kujifunika blanketi nisitoke mpaka shule ifunguliwe.

Darasa ni ghala la ushirika wa kahawa. Harufu ya magunia. Akina mama benchi za kulia, wanaume kushoto – hakuna aliyewapanga, wamejipanga wenyewe kama kanisani. Niliwaambia shikamooni, wakaitika marahaba mwalimu. Mpaka hapo vizuri! Nikaandika ubaoni MAJI. Nilishawaeleza, kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo, kwamba nitakachosema mimi na wao waseme hicho hicho.

"M-m-m-ma-maji," nikasema.

Na ghala zima, kwa sauti moja, kwa utii kabisa: "M-m-m-ma-maji!"

Nilidhani wananidhihaki. Nikawatazama. Hapana! Nyuso zimekaza, macho ubaoni. Mama Koleta, yule mnene anayeuza vitumbua, amekaa benchi ya mbele – alikuwa akihesabu zile "m" kwa vidole asije akapunguza. Walidhani ndivyo linavyosomwa. Watu ambao wanasema maji tangu wazaliwe!

Nikajaribu tena. Safari hii "m" zikaongezeka. Wakazifuata zote.

Jioni njiani nilisikia mtoto akimwuliza mama yake leo wamesoma nini. Mama akajibu kwamba kusoma si mchezo, mwanangu, neno dogo vile lakini mlango wake una ngazi nyingi.

Jumanne, 8 Juni

Niliwahi mapema nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NINA KIGUGUMIZI. HICHO SI SOMO. Nikajiona mjanja. Chaki itanisemea!

Wakaingia. Wakakaa. Wakautazama ubao kwa heshima kubwa.

"Mwalimu, la leo refu!" akasema Swalehe wa benchi za kushoto.

Hakuna hata mmoja anayejua kusoma. Mimi ni mjinga wa kupimwa kwa debe! Basi nikalazimika kusema. Ilichukua muda. "Nina ki-ki-ki –" Na safari hii hawakunifuata, walikaa kimya mpaka nikafika mwisho.

"Aaa! Kumbe!" Mama Koleta akapiga paja. "Mbona hukusema jana, baba? Mimi nyumbani nimeshawafundisha watoto!"

Ghala lilicheka mpaka mbwa wa mlinzi akabweka. Na mimi nilicheka. Nilicheka kweli, si kile kicheko changu cha kuficha.

Kisha yeye mwenyewe akatoa shauri. Mwalimu asitangulie. Mwalimu anyanyue mkono, akiushusha tuseme wote. Nikaunyanyua, nikaushusha. "Maji!" Wote – na mimi ndani yake. Neno zima, halina hata ufa. Nikarudia, nikarudia, kwa uchoyo tu wa kulisikia likinitoka. Ni kama kwaya. Kwenye kwaya sikwami. Baba naye anaimba besi na hakwami, na ndiyo maana Jumapili ndiyo siku anayopendeza kuliko zote.

Alhamisi, 10 Juni

Darasa limepamba moto. Nalipenda! Sikutegemea kuandika hivyo.

Jambo moja linaonekana wazi: benchi za kulia zinakimbia, za kushoto zinajikongoja. Akina mama wameshaunganisha silabi. Wanaume bado wanapigana na "ja". Swalehe – amerudi majuzi kutoka mashamba ya mkonge huko tambarare, ana Kiswahili cha mbwembwe – leo alilitolea hukumu.

"Hii si ajabu. Ubongo wa mwanamke umeumbwa ulimi mtupu. Wa mwanamume umeumbwa kazi."

"Hiyo kazi mbona hatuioni shambani kwako?" akauliza Mama Koleta bila kugeuka.

Lakini alilogusa Swalehe ni swali langu. Nimelibeba tangu Kidato cha Kwanza. Kuna kitabu cha Kiingereza laibrari ya shuleni, kinene, chenye michoro ya kichwa kilichopasuliwa. Nilikuwa nakisoma nimejificha nyuma ya rafu, kama kitabu cha aibu. Kinasema ubongo una nusu mbili, na kwa watu wengi kazi ya kusema inafanywa zaidi na nusu ya kushoto. Na kwamba wenye kigugumizi, wavulana ni wengi kuliko wasichana – mara tatu, mara nne. Sababu haijulikani. Nilifurahi na nilikasirika. Kumbe hata wenye vitabu vizito wameliona! Na kumbe hawajui.

Halafu kuna hili. Shuleni, kwenye Kiingereza, hakuna anayejua kama nina kigugumizi. Kwa sababu kwa Kiingereza sote tuna kigugumizi! Mwalimu anadhani natafuta neno. Ni lugha yangu ya kupumzikia.

Leo nimeona kitu kingine. Darasa likiisha, akina mama wanaondoka kikundi kimoja, wanasomeshana njia nzima – hii "ke", hii "he", ile yenye kitumbo ni ipi? Wanachora mchangani kwa kijiti. Wanaume wanatoka mmoja mmoja, kofia imeshushwa, kila mtu na "ja" yake moyoni. Sasa hayo ni ubongo, au ni mazungumzo? Sijui.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekwenda zahanati kumpelekea Dorkas chakula. Kisingizio. Nilitaka kumwuliza Sista Ernesta, muuguzi. Nilipoanza, Dorkas akataka kunimalizia sentensi kama kawaida yake. Sista akamnyooshea kidole: nyamaza, siulizwi na wewe. Akanisubiri. Alikuwa anakunja bandeji, akaendelea kukunja, hakuangalia mdomo wangu. Mtu akiangalia mdomo ndiyo unafunga zaidi.

Nilimwuliza: kwa nini sisi wanaume na si wanawake?

Akasema yeye si daktari. Lakini alipokuwa akisoma uuguzi walilaza wagonjwa wawili wa kiharusi, mwanamume na mwanamke, wote walipooza upande wa kulia, maana yake ubongo umeumia kushoto. Mwanamume hakusema tena, ila kutukana – matusi yalimtoka vizuri sana! Mwanamke alianza na neno moja moja, na mwezi uliofuata akawa anawagombeza wauguzi. Daktari wao alisema wako wataalamu wanaodhani mwanamke anatumia nusu zote mbili kwa kusema, kwa hiyo moja ikiumia nyingine inashika zamu. Wengine wanabisha.

"Na wewe, Sista?"

"Mimi niliona watu wawili, Eliakunda. Watu wawili si wanaume wote na wanawake wote. Ni watu wawili." Kisha akaongeza kwamba watoto wengi kigugumizi kinawatoka chenyewe, na wasichana ndio kinaowatoka zaidi. Hapo pia hajui kwa nini.

Dorkas njiani: kwa hiyo mimi nina injini mbili! Akatembea kwa maringo mpaka akajikwaa. Nilifurahi kidogo.

Jumatatu, 14 Juni

Balozi alikuja nyumbani. Alikunywa chai, akasifu ndizi, kisha akafika kwenye lake. Nyumba zake kumi, wote wasiojua kusoma wameshaandikishwa kisomo. Isipokuwa mtu mmoja. Na mtu huyo ni baba yake mwalimu.

"Tumainieli, watu watasema nini? Mwanao anafundisha majirani, nyumbani kwake giza?"

Baba akanyoosha kidole kwenye mibuni.

"Kahawa haikimbii," akasema Balozi.

Baba akainuka akaenda kwa ng'ombe. Hakurudi mpaka mgeni alipoaga. Mama akasema mwacheni.

Mimi najua. Nadhani ni mimi peke yangu ninayejua katika nyumba hii. Darasani kila mtu anasimama asome peke yake. Ukiwa unasema, una pa kukimbilia – neno likikataa unalizunguka, unashika jingine. Mimi dukani sisemi kiberiti, nasema nipe cha kuwashia moto. Lakini kusoma hakuna uchochoro! Neno limeandikwa, wote wanaliona, ni hilo hilo au hakuna. Baba hakuogopa herufi. Ameogopa kusimama mbele ya akina mama, mdomo wazi, mtu wa heshima zake, mzee wa kanisa.

Nilitaka kumfuata zizini nimwambie najua. Nilifika mpaka mlangoni. Tukatazamana, akanipa ndoo niishike. Nikaishika.

Jumatano, 16 Juni



Leo kila mtu alisoma neno moja. Zamu ya Shangazi Yudith, dada yake Baba. Huyu ndiye mpole wa ukoo wetu, hata harusini anakaa pembeni akitabasamu. Watu wakitaka kumkanya binti mwenye mdomo wanamwambia mtazame Mama Yudith. Nikaandika KAHAWA.

Aliangalia. Midomo ikajikusanya, ikakaa. Kisha akatabasamu: "Mbuni."

Wakacheka. "Shangazi, hapo umeona mti?" – Swalehe, nani mwingine. Naye akacheka nao, akakaa.

Mimi nilibaki na chaki mkononi. Asiyejua kusoma angesema lolote – jembe, mbuzi. Haendi moja kwa moja kwenye neno lililo ndugu wa kahawa. Alilisoma! Alilisoma, likamkatalia, akalizunguka. Ile njia naijua. Naipita kila siku ya Mungu.

Shangazi Yudith. Mwanamke! Hapana. Au?

Ijumaa, 18 Juni

Nimemsaidia Shangazi kuchuma kahawa tangu asubuhi. Ni mjane, anaishi na wajukuu. Safu moja, yeye upande huu wa mti, mimi upande ule. Nilipanga maneno mengi ya kuanzia, ya adabu. Hakuna lililotoka. Mwisho nikachukua tunda moja jekundu, nikalinyanyua nimwonyeshe, nikasema tu:

"K-k-k-kahawa."

Hakunitazama. Alichuma, alichuma. Nikaona nimeharibu. Halafu kutoka nyuma ya majani nikasikia sauti nisiyoijua, imekwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi:

"K-k-k-k-kahawa."

Ya kwake ilikuwa ndefu kuliko yangu! Tulitazamana katikati ya matawi. Nani alianza kucheka sijui. Alicheka akishika kiuno, kikapu kikamwagika, tukaokota huku tunacheka.

Kisha akanieleza. Polepole, akikwama, hakuzunguka neno hata moja – nilimwona akiyafuata yale magumu kwa makusudi, kama mtu anayekanyaga tope baada ya kuwa ameshalowa. Kigugumizi kilimwanza utotoni, kama cha kaka yake. Bibi, mama yao, alikigundua mapema. Bibi akamwambia: mvulana mwenye kigugumizi anachekwa, msichana mwenye kigugumizi haolewi. Akamfundisha kutabasamu. Kutikisa kichwa. Kujibu kwa neno fupi, na likigoma achukue jingine. "W-watu wakanisifu. Mpole. Mume wangu a-amekufa hajui."

Nikamwuliza: Baba anajua?

"Kaka? Hajui. Yeye ki-kilionekana, akaachwa nacho peke yake. Mimi ki-kikafichwa, nikaachwa nacho peke yangu."

Na ni Bibi huyo huyo aliyekuwa akituambia hadithi ya fungu kubwa la maneno!

Nafikiri juu ya kitabu cha laibrari. Mara tatu, mara nne. Huenda ni kweli, huenda ubongo wetu umesukwa hivyo na Dorkas ana injini zake mbili. Lakini mwenye kuhesabu alipofika kwa Shangazi Yudith, aliandika nini? Aliandika: mpole.

Jumapili, 20 Juni

Shangazi alikuja baada ya ibada. Akamwomba Mama awaache yeye na kaka yake barazani. Sisi tulikuwa jikoni, na jikoni kwetu husikika kila kitu.

Shangazi akaanza kusema, vile vile kama alivyosema shambani, bila kujificha. Dorkas alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama. Amemjua Shangazi maisha yake yote na hajawahi kusikia sauti hiyo. Alinitazama, mdomo wazi, lugha zote tatu zimemtoroka!

Tukasikia kiti cha Baba kikisogea. Halafu: "Mi-mi-miaka yote hii, Yudith?"

"Mi-miaka yote."

Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Baba! Kicheko cha tumboni, kinapanda na kushuka, kinakatika kinaanza tena. Na baada ya hapo waliongea. Polepole mno, kila mmoja akimngoja mwenzake, habari za utotoni, mbuzi fulani aliyekula kanga ya bibi yao, nani alichapwa. Jua lilihama barazani wao wapo tu. Mama alisimama mlangoni na chai, hakutaka kuwakatiza, chai ikapoa. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hajawahi kumsikia mume wake akisema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Nimeshiba bila kula.

Jumatatu, 21 Juni

Baba amekuja darasani!

Aliingia amevaa koti la kanisani. Wanaume wakasogea kumpa nafasi. Akapita. Akaenda benchi za kulia, akakaa ubavuni mwa dada yake, katikati ya kanga.

"Mzee Tumainieli, umepotea njia," akasema Swalehe.

"Amefika," akasema Mama Koleta. "Wewe endelea na 'ja' yako."

Tulipounguruma wote pamoja nilisikia besi yake chini ya sauti zote. Nilinyanyua mkono mara nyingi kuliko inavyohitajika. Zamu yake ya kusoma peke yake ilipokaribia nilimruka. Akaniangalia. Sijui kama alishukuru au alichukia.

Alhamisi, 24 Juni

Baba ana mkono mzuri. Namba alizijua tangu zamani kwa mizani ya kahawa, sasa herufi zinamwingia kwa kasi ya ajabu – kwa hiyo ile habari ya benchi za kushoto ni kwamba hawakukaa kulia tu! Nimemwambia Swalehe. Kesho yake, yaani leo, Swalehe naye amehamia kulia. Akina mama wanalalamika ananuka tumbaku.

Baba anaandika hata mezani, kwa kijiti cha mkaa, juu ya kigae. Akiandika uso wake unalegea. Nadhani naye ameligundua lile langu, kwamba mkono haukwami.

Lakini Balozi ameleta taarifa. Jumamosi anakuja afisa wa elimu ya watu wazima kutoka Same. Atawapima. Kila mtu asimame asome sentensi peke yake, kwa sauti, na atakayesoma jina lake linaingia katika waliofuzu. Hakuna kusema pamoja.

Nilimfuata Baba zizini, safari hii niliingia. Nikamwambia si lazima aje. Anajua kusoma, mimi najua, inatosha. Nilikwama karibu kila neno. Alinisubiri, kama Sista Ernesta, akikamua. Nilipomaliza akaokota kigae chake, akaandika, akanipa.

NITAKUJA.

Jumamosi, 26 Juni

Naandika humo humo ghalani, daftari pajani, benchi ya nyuma kabisa. Afisa atadhani napanga maksi. Ni kijana tu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, mtaratibu. Alipofika alinipa mkono akanipongeza, kisha akaniambia mwalimu akae nyuma na asifungue kinywa mpaka amalize. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunikataza kusema! Na leo ndiyo nina mengi.

Mama Koleta amefuzu. Amesoma kama anatangaza redioni, kisha akamtaka afisa ampe nyingine. Swalehe amefuzu, jasho chapachapa. Shangazi Yudith alipewa "Mama anapika ugali." Akaisoma yote. Alikwama kwenye "pika", akatulia, akaingia. Hakutabasamu, hakuzunguka. Afisa aliandika tu, hakujua ameona nini. Mimi na Baba tulijua. Kuna mtu alitaka kupiga makofi, mwenzake akamshika.

Sasa Baba.

Amesimama. Koti limefungwa vifungo vyote. Kadi yake naiona kutoka hapa: KAHAWA YETU IMEKOMAA. Kwa nini hiyo! Katika kadi zote!

Kidole chake kimepita chini ya mstari taratibu, kimefika mwisho. Ameisoma. Macho yameshamaliza. Mdomo ndio bado.

"K –"

Hakuna kitu. Shingo imekaza. Naijua ile, ni kama mtu kakushika koo kutoka ndani.

Afisa anangoja. Anaangalia saa, si kwa ubaya. Anamtazama tena. "Si neno, Mzee," anasema kwa upole. "Herufi bado zinakusumbua. Desemba iko mbali, utajaribu tena." Anachukua kalamu.

Nimeinuka nusu. Nimekatazwa. Na hata nisingekatazwa, ningefika mwisho wa sentensi lini?

Shangazi Yudith amesimama.

"N-n-ngoja, b-b-bwana." Ghala zima limemgeukia. Wengi hapa hawajawahi kumsikia akipaza sauti. "A-a-ameshasoma. Ha-hajamaliza k-k-kusema."

Swalehe ameangalia chini, hana mzaha. Mama Koleta amevuta pumzi, mkono juu, tayari kuwaongoza wote waseme naye, na Shangazi amemtikisia kichwa. Hapana. Mwacheni.

Afisa ameweka kalamu mezani. Ameisogeza mbali kidogo na mkono wake. Ameegemea kiti.

Hakuna anayemwangalia Baba mdomoni. Sijui wamejifunza wapi. Mmoja anaangalia magunia, mwingine mlango, Mama Koleta anatazama vidole vyake. Wote wamekaa tu, kama watu wanaongoja mvua iliyokwisha kuonekana mlimani. Sijawahi kuona watu wengi hivi wakimpa mtu wa kwetu muda.

"Ka –"

Imetoka.

"Ka-ka –"

Kadi haitetemeki. Anavuta pumzi. Hajakaa.

"Ka-ha –"